Chaki kwenye Korido ya Mama Futi

Walimwita Mama Futi kwa sababu hakuamini kitu mpaka akipime. Mteja akiapa kiuno chake kiko vilevile, mama huyu wala habishani, anachomoa futi kamba.

Alipoolewa tena, yeye fundi cherehani na mwenzake mchomelea vyuma, kila mmoja alikuja na mbwa wake. Kanali, dume zee la mume, na Kifungo, jike la Mama Futi, wakaishi miaka mitatu bila ugomvi. Halafu ghafla, balaa! Kanali akawa anamrukia mwenzake kila akipita koridoni, meno nje. Mume akashikilia kwamba mchokozi ni Kifungo, kwa hiyo Jumamosi atachukuliwa na shemeji. Mama Futi roho ikamuuma. Kifungo ndiye aliyemliwaza ujane wake wote.

Lakini kitu kimoja kilimtatiza. Hao mbwa walikula sahani kwa sahani bila hata kununiana. Sasa korido ina nini? Akaanza upelelezi. Kila wakipigana, akishawatenganisha kwa ufagio (mkono alishang'atwa mara moja, ikamtosha), anachora alama sakafuni kwa chaki yake ya kukatia nguo.

Kufika Ijumaa alama zilikuwa saba. Kanali hulala mkekani kichwa kikielekea mlangoni, siku zote, na alama zote saba zilikuwa kulia kwake. Kushoto hapakuwa na hata moja. Mama Futi akachuchumaa, akapunga kipande cha kitambaa karibu na jicho la kushoto la yule mzee. Likapepesa. Akahamia la kulia. Wapi! Kimya kabisa.

Akamwita mumewe, akamfanya apunge mwenyewe.

"Upande huu haoni," alimwambia. "Kifungo hamchokozi. Anamtokea tu, na yeye anaogopa."

Mume, ambaye kutwa nzima hujifunika uso kulinda macho yake, akapunga tena, na tena. Kisha akageuza mkeka ili ule upande wa kulia ukae ukutani, akampigia shemeji simu asije. Mama Futi akashona kengele ndogo kwenye mkanda wa Kifungo, Kanali awe anamsikia akija.

Samahani mkewe hakupewa, ng'o. Ila jioni, akiwa kwenye cherehani, alimsikia bwana mkubwa kule koridoni akimwambia Kifungo, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Nisamehe, mama. Nilikuonea."