Shairi Nililomwambia Ng'ombe

Mwaka ule tulikula viazi vitamu mpaka wajukuu wakawa wanavikimbia kama dawa. Mvua ilichelewa, maharage yakakaukia kwenye maua, na Gahanga nzima, huku pembezoni mwa jiji, wenye ghorofa na sisi wenye jembe, tukanuka viazi. Ndio mwaka kitindamimba wangu alipopelekwa vitani, nchi ya mbali.

Mimi shule niliiacha darasa la pili, huko Karagwe, nikachunga ng'ombe wa baba. Lakini kutunga najua. Harusini, ikifika zamu ya kusifu ng'ombe wa mahari, wanaume wenye makoti wananipisha, na wanafanya vizuri.

Asubuhi aliyoondoka sikulia. Kwetu, kumlilia mtu anayepumua ni kumchimbia shimo. Jirani mmoja alikuja na uso wa matanga, akataka kukaa chini kwenye mkeka.

“Inuka, mama,” nikamwambia. “Hapa hakuna aliyekufa. Chukua kiazi.”

Lakini shairi lilinijaa kifuani kama maziwa ya mzazi aliyenyang'anywa mtoto. Nikalipeleka zizini. Ng'ombe amezoea kutungiwa, na hapeleki maneno kwa mtu. Nikawa namwambia kila ninapomkamua. Lilikuwa na mlango uliokosa mtu mrefu wa kuuinamia, na tumbo la mama lililokwenda vitani bila kupewa bunduki. Zaidi ya hapo siandiki.

Kumbe mkamwana wangu, mke wa huyo kijana, alikuwa akisimama nyuma ya zizi na ndoo yake, analia kimyakimya.

Maharage yalikuwa yamerudi sokoni mwanangu aliporudi. Mzima, mikono yote, miguu yote. Nikaketi juu ya gunia la pumba nikicheka kama mlevi.

“Mama, umezeeka.”

“Na wewe umekonda. Walikulisha nini huko?”

“Biskuti.”

“Biskuti? Mwanajeshi mzima?”

Jumapili tukaita watu. Nilipika maharage sufuria kubwa, urwagwa, ile pombe ya ndizi, ukazunguka. Furaha ikamlegeza ulimi mkamwana wangu.

“Mama alikutungia shairi la kilio,” akamwambia mumewe mbele ya wote. “Nililisikia zizini. Mwambie alitoe.”

Simu zikainuliwa kunirekodi. Sikuwahi kutunga zuri kama lile, na mdomo uliniwasha kweli. Lakini kile kilio nilikifungia zizini ili kisimguse. Nikitoe sasa, yupo mbele yangu anatafuna?

“Niliyemlilia amerudi,” nikasema. “Anayetaka kilio akatafute msiba wake.”

Wakacheka. Mwanangu hakucheka. Akasogeza kiti karibu, mchuzi kidevuni.

“Ubeti mmoja tu, Mama. Nami nisikie nilivyoliliwa.”

Nikamfuta kidevu kwa kanga yangu, nikamwongezea maharage.

“Niliyemlilia amerudi. Anayetaka kilio akatafute msiba wake.”