Barua kwa Majirani wa Hudson

Wakati wa masika nyumba za Kuze, mtaa wetu wa Mombasa, hutoa harufu ya chokaa iliyolowa. Juu ya harufu hiyo, nyumbani kwetu, kulikuwa na udi ambao shangazi yangu Maryam aliufukiza kila Ijumaa baada ya Alasiri, saa ambayo mumewe alizoea kupiga simu. Simu zilikuwa zimekoma zaidi ya mwaka mmoja, lakini udi haukukoma. Nilikuwa na miaka kumi. Hadi leo nikiusikia udi ule, hata nikiwa dukani nanunua sukari, moyo hunishtuka kama nimeitwa jina langu na simwoni aliyeniita.

Mumewe, Faraj, alikuwa amekwenda Marekani kupakia mizigo kwenye maghala. Aliishi mahali paitwapo Kaunti ya Hudson, ng'ambo ya mto unaoitenga na jiji la New York. Shangazi alibaki kwetu, ghorofa ya juu, chini ya ulinzi wa nduguye, baba yangu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hajazaa. Mfanyabiashara mmoja wa kanga wa Biashara Street, mtu mstaarabu aliyefiwa na mkewe, alikwisha kutuma watu kuulizia kama shangazi yu huru. Hakuna aliyejua la kuwajibu. Maalim wa mtaa aliketi barazani na baba, akasema, “Mke wa mtu hawi mjane kwa dhana. Mtafuteni kwanza. Habari ikikosekana kabisa, tutakwenda kwa kadhi, naye akihukumu, mwanamke atakaa eda yake, kisha ataolewa akipenda.” Basi kila mtu nyumbani alijua tunatafuta nini: kama shangazi ni mke au ni mjane.

Baba akanipeleka kwenye duka la intaneti, tukachapisha kurasa tatu za Kiingereza zilizoieleza kaunti hiyo. Yeye alikuwa amesoma madrasa tu. Msomaji wa Kiingereza nyumbani nilikuwa mimi, na nilijivuna kwa hilo kupita kiasi. Nikakaa mkekani, shangazi akishona kofia ya viua, nikaanza kumfasiria. Siku hizo hapa kwetu hatukuwa na kaunti, kwa hiyo nikasema ni wilaya. Nikasema ndiyo ndogo kuliko zote katika jimbo lake, na ndiyo yenye watu waliobanana zaidi. Nikasema imezingirwa na maji karibu pande zote, treni zapita chini ya mto, na kila asubuhi watu huvuka kwenda kazini jijini na jioni wakarudi kulala. Wengi wao ni wageni waliotoka nchi nyingine. Shangazi akaacha sindano.

“Ndogo, wasema?”

“Ndogo, shangazi. Na watu wamejaa tele.”

“Na maji yamezunguka, na watu huvuka.” Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mvua zianze. “Basi ni kama hapa petu. Mtu hupoteaje mahali kama hapo?”

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza, na lilikuwa kosa la watu wa Kuze hasa. Kwetu nyumba zikibanana, habari nazo hubanana. Mtu akikohoa mara mbili karibu na dirisha, jirani humletea tangawizi kabla hajakohoa ya tatu. Barua hufika bila namba ya nyumba, mradi umeandika jina la mtu, jina la babake na msikiti ulio karibu naye. Tukaamini kwamba mahali penye watu waliobanana kuliko sisi, lazima watu wake wajuane kuliko sisi. Shangazi alikuwa na bahasha moja ya zamani kutoka kwa Faraj. Jina la mji na la mtaa yalisomeka, lakini namba ya nyumba ilikuwa imefutika kwa maji. Hilo halikumsumbua. Akanambia niandike kwa Kiingereza juu ya bahasha mpya: “Kwa majirani wa Faraj, mtu wa Mombasa, mrefu, mwenye kovu kidevuni.” Ndani tukawasalimia wote, tukawauliza hali za watoto wao, za mama zao na za wagonjwa wao ikiwa wapo. Salamu zilimaliza ukurasa mzima kabla hatujamtaja Faraj. Kuanza na shida yako kabla ya salamu ni utovu wa adabu, na shangazi hakutaka Wamarekani waseme mke wa Faraj hakulelewa.

Sijui tarishi wa huko alibisha hodi milango mingapi nayo. Nijuacho ni kwamba jibu lilikuja, masika yakielekea kwisha. Aliyeandika alikuwa mwanamke, kwa mwandiko wa mkono wenye kutetemeka kidogo. Alishukuru kwa salamu, akasema hakuna mtu aliyepata kumuuliza hali ya mamake kwa barua. Alisema ameishi katika jengo lile miaka mingi na hamjui kwa jina mtu hata mmoja wa ghorofa yake. Kisha akaandika kwamba nyuma ya ukuta wake kulikuwa na mwanamume aliyesoma kitu kwa sauti ya kuvuta kila alfajiri, naye hakuwahi kumwona uso. Mstari wa mwisho ulisema: siku moja sauti ile ilikoma, nami sikubisha mlango wake, nasikitika.

Huo wa mwisho sikuusoma. Nilimwambia shangazi kwamba yuko mwanamume nyuma ya ukuta, na kila alfajiri hukisoma kisomo chake. Akaiweka barua usoni pake.

“Ni Faraj huyo,” akasema. “Yuasoma Yasini.”

Watu hudhani mtoto husema uongo kwa huruma. Huruma ilikuwapo, sikatai, nilikuwa nimeuona uso wake. Lakini palikuwa na jambo jingine, na sasa nalisema wazi: akiwa mjane angeolewa na yule mfanyabiashara, angehamia kwake Tudor, nami nani angenisuka nywele? Shangazi akaifungia barua kwenye kasha lake, asimwonyeshe mtu, kwa haya. Kwa kadhi hakukubali kwenda tena. Majirani wakamwambia subira yavuta heri. Mfanyabiashara akaoa kwingine, akapata watoto watano. Wasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na kila Ijumaa ilinukia udi.

Sasa mimi ndiye niishiye Tudor, kwenye ghorofa za kupanga. Mombasa yetu nayo imekuwa kaunti, na majengo yamepanda mpaka tumebanana kuliko Kuze ilivyowahi kubanana. Nyuma ya ukuta wangu akaa mzee mmoja wa Kaloleni ambaye huwasha redio kila asubuhi kusikiliza ibada. Mwezi uliopita redio ikanyamaza siku tatu. Nililala, nikapika, nikaenda kazini, na sikubisha hodi. Siku ya nne akarudi na madafu, kumbe alikuwa kwa bintiye, akanigawia mawili. Niliyapokea bila kuthubutu kumtazama usoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nimeusikia mshindo ule tangu nikiwa na miaka kumi. Jioni ileile nikaenda Kuze.

Shangazi bado yuko ghorofa ya juu. Baba alikwisha kufa, na nyumba nyingi za uchochoro ule zina kufuli. Nilimwomba kasha, nikaitoa barua, nikamsomea yote hadi mwisho. Nililia nikisoma. Yeye hakulia. Aliisikiliza adhana ya Magharibi hadi mwisho, ndipo akauliza:

“Wasema ilikoma lini?”

“Sijui, shangazi. Barua haikutaja.”

“Basi nenda kwa Maalim, umwambie yote, na wewe ulivyofanya. Umuulize kesho twende kwa kadhi saa ngapi.” Akakichukua chetezo cha udi, akakitia mikononi mwangu nikiondoe chumbani.

Sheria ilimtaka akae eda miezi minne na siku kumi. Mimi nimemkalisha miaka ishirini na miwili.