Lithiamu kwenye boti ya Kasanga: swali ambalo sikumuuliza nahodha

Wakuu, habari za majukumu. Naandika nikiwa Kizwite, Sumbawanga. Haya niliyafanya kwa mikono yangu, sikusimuliwa, na sehemu yangu sitaipunguza.

Mimi ni fundi umeme wa kujifunza mwenyewe. Sola na betri nimefanya miaka mingi.

Nahodha mmoja wa Kasanga, nimwite Deusi, ana boti ya mbao inayopeleka mahindi Zambia. Boti ya mbao huvuja kidogo muda wote, hivyo chini ya mizigo kuna pampu ya kutoa maji. Betri zake za maji, zile za asidi, zilikuwa zimechoka.

Nikamfungia betri mbili za lithiamu, chaja mpya ya sola, waya nene, fyuzi kila panapostahili. Hata leo sioni kosa kwenye waya.

Nestori, mtu wake wa mashine, alikuwa mtani sana. Akaitegea pampu sikio.

"Fundi, hii pampu umeilisha ugali wa ulezi? Haichoki."

"Na haitachoka," nikamjibu.

Mita ya chaji niliwaonyesha mara moja, nikaifungia ndani ya boksi la betri isipate maji. Nikapanda gari kurudi mjini.

Sasa elewa hapa. Betri ya maji ikikaribia kuisha, pampu hupunguza kasi na kuanza kukoroma. Watu wa boti wakisikia hivyo wanashika ndoo. Hakuna anayesoma mita.

Lithiamu haikoromi. Inasukuma kwa nguvu ileile, halafu ulinzi wake wa ndani unakata umeme. Kimya.

Masika yale mawingu yalikaa siku tatu, sola haikuingiza kitu. Boti ilikuwa imetia nanga na shehena yake, ikisubiri upepo utulie. Mchana Deusi aliisikiliza pampu, akaona ina nguvu, yeye na Nestori wakajilaza.

Walipoamka pampu ilikuwa imezimika, maji yamejaa, boti imelalia ubavu. Nestori akashuka kuangalia pampu. Magunia yakamporomokea.

Walimtoa boti ilipovutwa ufukweni.

Tulimzika kwao, kijiji cha Kate. Deusi hakunigombeza. Alisema tu, "Niliisikiliza, fundi. Ilikuwa inalia vizuri."

Nilipima waya, nilipima ampea. Sikuuliza: huwa mnajuaje kama betri inaisha?

Juzi Deusi aliniita nimrudishie betri za maji, mpya. Nikamweleza kwamba lithiamu inaweza kuwekewa king'ora kipige mapema. Akakataa.

Mdogo wake Nestori ndiye yuko kwenye mashine sasa. Akaniuliza, "Hizi zitatuambia, fundi?"

Nikasema zitawaambia. Nikazifunga.

Nilichojifunza: kabla hujabadilisha mfumo wa mtu, kaa naye uone hatari anaitambua kwa kitu gani. Usimwondolee hicho kabla hujampa kingine, na akakizoea.

Kama ulifunga lithiamu kwenye boti bila king'ora, rudi wiki hii.

Mafundi wa maziwani, anayejua king'ora kinachovumilia maji aweke hapa. Na mwenye lawama aandike. Nasoma zote.