Marabu Kichwani

Asubuhi hiyo nilitoka mtaa wa South B, nilikokuwa nimehifadhiwa, na mkoba mmoja, bila mpango. Mume wa rafiki yangu alikuwa anarudi kutoka safari, na chumba chao kina kitanda kimoja. Rafiki aliniuliza nitalala wapi. Nikamwambia kabla ya jua kutua nitakuwa nimepata pa kulala. Nilisema kama mtu aliyeahidiwa, na hakuna aliyekuwa ameniahidi kitu.

Shule niliiacha darasa la saba, lakini macho yangu hayajawahi kukubali kukaa kitako. Mjini nataka kuona kila kitu kisicho na kiingilio. Kwa hiyo badala ya kutafuta chumba mapema, nilienda kusimama chini ya migunga ya pale karibu na uwanja wa michezo, wanakoishi marabu. Ni ndege warefu kama watoto wa darasa la nne. Wana vipara vyenye mabaka kama ya upele, na shingoni wananing'iniza mfuko mwekundu wa nyama. Watu wenye akili huvuka barabara kuwakwepa. Mimi nilikuwa na swali: miguu yao ni myeupe kweli? Mzee mmoja muuza karanga aliwahi kuniambia kwamba ni myeusi, ila ndege hao hujinyea miguuni ili wapoe. Nikasogea nihakikishe.

Mzee alisema kweli. Weupe ule ulikuwa umekauka na kupasuka kama chokaa, na kwenye nyufa ngozi nyeusi ilionekana. Nilikuwa nimeshusha uso, nafurahia elimu yangu, ndege wa tawi la juu aliponimwagia.

Usifikiri ni tone. Kilikuwa kikombe kizima cha uji vuguvugu, wenye harufu ya samaki aliyesahauliwa juani. Uliingia katikati ya misuko, ukatafuta njia hadi kisogoni, ukashuka mgongoni taratibu. Nilijifuta kwa majani, kisha kwa karatasi, kisha nikatema mate mara nyingi ingawa mdomoni hamkuingia kitu.

Nikaenda Kenyatta Market, kwenye vibanda vya wasusi, nifumuliwe. Siku nyingine zote mwanamke hapiti pale akiwa na mikono yake yote miwili, wasusi humgawana. Wa kwanza alinidaka kiganjani kama kawaida.

"Siste, kuja nikusuke vizuri!" Akavuta, akanusa, akaniachia kama ameshika sufuria ya moto. "Wueh! Umebeba nini kwa kichwa?"

"Ndege ameninyea. Nifumue tu, tafadhali."

"Ndege ama ng'ombe?" mwenzake akadakia, na safu nzima ya viti ikacheka. "Madam, hapa ni kusuka. Kunyonyoa ni kule kwa wa kuku!"

Moshi wa nyama choma ulikuwa ukipeperuka kutoka upande wa pili, mafuta yakilia juu ya makaa. Uvundo wangu na moshi ule vilikutana puani, na mate yakanijaa. Sikujua kama nataka kula au kutapika. Hilo lilinichukiza kuliko ndege. Msusi mmoja mtu mzima akanirushia kofia ya nailoni, ile ya kufunikia dawa ya nywele. "Vaa hii mamii, uende. Unanifukuzia watu."

Nikaivaa, nikafunga leso juu yake, nikaanza kupanda kwa miguu kwenda Westlands. Jua lilipika kila kitu mle ndani. Nilisikia kichwa kikitoa jasho, na jasho likiyeyusha yaliyokuwa yamekauka.

Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye nyumba moja ya sanaa huko kuna mnara wa viatu vilivyookotwa jaani, na kuuona ni bure. Soja wa getini alirudi hatua mbili.

"Si ni bure?" nikamuuliza.

"Ni bure, lakini si ya mtu wa kunuka hivyo."

Kupitia nafasi ya geti niliuona mnara: sandali zilizokatika, buti zenye ukungu, raba zilizoliwa na panya. Watu waliopiga pasi nguo zao walikuwa wakiinamisha nyuso karibu kabisa, wakipiga picha. Uchafu wa ndani ulikuwa na kibandiko cha maelezo. Nikaondoka kabla sijamtukana soja, ambaye hakuwa ameujenga mnara ule.

Jua lilikuwa limeinama nilipofika mtaa wa Kangemi kwa barabara ya Waiyaki Way. Ploti mbili za vyumba vya kupanga zilinikataa. Moja haikunifungulia hata mlango baada ya kuchungulia. Ya tatu mwenye nyumba alikuwa mama wa kutoka Vihiga, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akichambua mboga ya mrenda.

"Bwana ako wapi?"

"Sina, mama."

"Kanisa?"

"Nitatafuta la hapa karibu."

Akaniita nisogee. Nikasogea kama mtu anayepelekwa kortini. Alinusa mara moja, akanusa tena kwa utulivu, kama anayeonja chumvi.

"Hii si chang'aa."

"Ni ndege, mama. Marabu."

"Mpangaji aliyehama alikuwa ananuka chang'aa mpaka ukuta ukalewa." Akafuta mikono kwenye gauni. "Ndege ataoshwa. Kuja uone nyumba."

Chumba kilikuwa cha mabati, na ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, ulipita mstari mweusi wa mafuta, mpana kama mkono. Miaka ya vichwa vya watu vilivyoegemea pale.

"Nakichukua," nikasema.

Maji hayakuwa yanatoka siku hiyo. Mama aliniletea nusu beseni na kipande cha sabuni ya kufulia. Nilifumua misuko mmoja mmoja, nikaziweka nywele za bandia juu ya gazeti, nikaosha kichwa mara mbili. Maji yaliyobaki yalikuwa ya kijivu na vitu vilielea juu yake. Nikachovya kitambaa humo humo, nikaanza kusugua ule mstari wa ukutani.