Mrundi Aliyemdhamini Mama Mwenye Nyumba

Mwaka 2013 nilipangiwa kufundisha uraia Makere, magharibi karibu na Burundi, nikitokea Tanga, na nilijiona nimetumwa kuwapelekea Waha wa huko Utanzania ndani ya begi. Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, ilikuwa imefungwa mwaka uliotangulia. Sisi tuliojisifu miaka yote kwa kupokea wageni, sasa tulisikiliza kwanza mtu anavyotamka "habari" ndipo tumjibu.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa Muha, mjane mzaliwa wa Munanila, kijiji cha mpakani, na ulimi wake haukuwa na breki. Jirani yetu, mzee muuza ndizi, aliingia kutoka Burundi akiwa mtoto, akapata uraia ukubwani. Cheti chake alikitunza ndani ya Biblia.

Siku ya kuandikisha vitambulisho tulipanga foleni pamoja. Afisa, kijana wa Dar, alimsikia mama akisalimia kwa lafudhi ya Kiha, iliyo karibu sana na ya Kirundi, akaweka kalamu chini.

"Mama, umezaliwa wapi?"

"Munanila."

"Munanila ya upande gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Foleni ikacheka. Afisa akamtaka aimbe wimbo wa taifa. Mama alianza vizuri, katikati akateleza, akaangukia kwenye pambio la kwaya yao. Akaambiwa akae pembeni.

Mzee akafuata. Aliimba beti zote amekakamaa kama mgambo, akatoa cheti. Afisa akampa mkono. Mzee hakuondoka.

"Na huyu mama?"

"Anahitaji mtu wa kumthibitisha."

"Basi niandike mimi. Tulipovuka kutoka Burundi tulifikia Munanila, tukalala kwao. Mimi ndiye niliyekuja. Yeye nilimkuta."

Afisa alikuna kichwa, akaziangalia fomu zake, akaandika.

Zamu yangu ilipofika, nikakumbuka cheti changu cha kuzaliwa kiko Tanga. Nikaanza kujieleza kwa Kiswahili cha kwetu. Akanikatiza: "Mwalimu, wewe unasikika Mtanzania. Pita." Niliona aibu, lakini nikapita. Ningekataa ningekuwa shujaa, ila nilikuwa na njaa.

Habari ilienea. Wiki ile niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili Mtanzania ni nani. Binti mmoja akaandika: "Ni mtu ambaye Mrundi alimkuta." Nikampa alama zote. Mkuu wa shule akaniita kuuliza jibu lile limo katika kitabu gani.

Mwaka 2015 Warundi walianza kumiminika tena, mabasi yakiwapeleka kambi nyingine. Basi moja liliharibika karibu na kwetu. Mzee alisimama kando ya barabara, mikono kiunoni.

"Hawa wageni watatumalizia kuni," akasema.

Mama akamtwika kapu la ndizi mbivu, ndizi za mzee mwenyewe, akamsukuma mgongoni.

"Nenda ukawaambie hivyo kwa Kirundi."

Akaenda akinung'unika. Nilimwona akipanda ngazi ya basi, na alikaa humo ndani mpaka fundi alipomaliza kazi.