Kimoja cha Bure

Miaka ishirini na sita Ramdhani ametuuzia phuchka hapa kichochoroni Bagbazar: vitufe vya unga vilivyokaangwa, ndani viazi na maji ya ukwaju. Ukimaliza kula anakupa kimoja cha bure, kisicho na maji, kisha unaondoka. Bibi Nirupama, mwalimu mstaafu, hukigombea kila jioni kama shamba la urithi, mpaka mimi jirani yake naona haya.

“Kidogo hivi? Mchoyo we!”

Jana Ramdhani alituaga. Magoti yamechoka, anarudi kwao Bihar. Bibi akala sita. Ramdhani akamnyooshea cha bure.

“Sikitaki.”

“Umeshiba, mama?”

“Nikila hicho, si ndiyo nimemaliza?” akafoka, machozi yakimlengalenga. “Tia ukwaju. Nipe kingine.”