Kalenda ya Bucha ya Burma

Mimi sipendi kuguswa vitu vyangu, na kila mtu katika nyumba yetu ya Buruburu anajua. Kwa miaka mingi nimekusanya makaratasi ya biashara za Eastlands: karatasi za mkate, tiketi za basi, kadi za mafundi cherehani wa Eastleigh, mifuko ya kaki yenye mihuri ya maduka ambayo siku hizi ni maghorofa. Nayabandika kwenye madaftari makubwa na kuandika duka lilikuwa wapi. Kaka yangu huniita Mama Takataka. Na aniite! Mtu akitaka kujua pale penye ghorofa palikuwa na nini, haendi kwake.

Kitu kimoja tu hakikuenea daftarini, kalenda ya bucha ya Baba. Zamani wenye bucha pale soko la Burma waliwapa wateja kalenda Krismasi ikikaribia, na mwaka mmoja Baba akachapisha yake. Yupo mlangoni pa bucha, koti jeupe, kisu mkononi, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hakupenda kupigwa picha. Kitambulisho chake tulikirudisha serikalini alipofariki, na albamu iliozeshwa na maji bomba lilipopasuka. Uso wa Baba ukabaki kwenye kalenda hiyo peke yake. Kila mwaka watu wa kanisa wakija nyumbani kwa maombi ya kumbukumbu yake, Mama huisimamisha mezani.

Mwaka huu, siku moja kabla ya maombi, Mama alikuwa anarudi kutoka Kakamega. Alinipigia simu asubuhi kabla basi halijaondoka.

"Mtoeni baba yenu, mmpanguse vumbi."

Nikaenda nyuma ya kabati, mahali kalenda zote kuukuu hukaa zimeviringishwa pamoja. Hapakuwa na kitu.

"Wifi! Kalenda ziko wapi?"

Mke wa kaka yangu alikuwa sebuleni, makasi bado mezani. "Zile kuukuu? Nimemfunikia mtoto vitabu jana. Shule zimefunguliwa, na unajua karatasi ya kalenda haiingii maji."

"Umemkata Baba!"

"Yesu wangu!" Akakaa chini pale pale sakafuni.

Mwalimu alikuwa amekataza majalada yenye mapicha, kwa hiyo wifi alizilaza kalenda kifudifudi, upande mweupe juu, akakata moja baada ya nyingine bila kuzigeuza. Kila mama mtaani hufanya hivyo shule zikifunguliwa. Mimi mwenyewe nilisoma na vitabu vya namna hiyo. Lakini siku hiyo sikutaka kuelewa. Nilimtupia maneno ambayo wifi hamwambii wifi, akalia, na kilio chake kikanizidishia hasira.

Tulikwenda shuleni pamoja, hatusemezani. Njia nzima niliona kitu kimoja tu: Mama anaingia, anatazama meza, meza tupu. Bawabu alitaka kujua tumekuja kumwona nani. Nikamwambia nimekuja kumchukua baba yangu. Akatufungulia, nadhani kwa woga.

Mwalimu wa darasa alikuwa amekusanya vitabu vya kusahihisha. Alitutazama tukivua jalada la Kiswahili, na ndani tukakuta kibao cha bucha. La Hesabu lilikuwa na koti na kisu. La Sayansi lilikuwa la kalenda nyingine kabisa, ya duka la matairi. Wifi akafungua la Dini, kisha akaligeuza nione. Uso wa Baba, mzima, umekunjwa chini kidogo ya kidevu.

"Mpole mpole," nikasema. Nikashikilia jalada, wifi akabandua selotepu kwa wembe, huku ameuma ulimi.

Nyumbani tukavipanga vipande juu ya kadibodi na kuvigundisha. Upande mmoja palibaki pengo jembamba. Vipande vya pembeni, wifi alisema kwa sauti ya chini, aliwashia jiko asubuhi.

"Wachana navyo," nikamwambia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza mazuri siku hiyo. "Pembeni hapakuwa na kitu. Ukuta tu."

Mama aliingia jioni na gunia lake la mahindi. Hakuketi. Wifi akamweleza yote yeye mwenyewe, na mimi nikaongeza kwamba hakukusudia, na kwamba tulikwenda mpaka shuleni. Mama akasogea mezani.

"Uso ni mzima?"

"Mzima, Mama."

Akampapasa Baba paji la uso, kibao, kisu. Halafu kidole chake kikafika kwenye pengo, kikasimama.

"Hapa nilisimama mimi," akasema. "Na karai la matumbo. Mpiga picha aliniambia nitoke, baba yenu akamwambia, huyu hatoki."

Akatutazama, kwanza wifi, kisha mimi, bila hasira hata kidogo.

"Huyu mmemfuata mpaka shuleni. Na mimi?"

Nilijaribu kumkumbuka kwenye ile picha, mimi niliyeitazama tangu utotoni. Sikumkumbuka.